Mabeki Wanne, na Sisi Tulikuwa Watano



Vijana wenzangu, somo letu la leo linatoka uwanjani. Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome Matendo ya Mitume 1:15-26, halafu Luka 6:12-16. Siyo ndefu, dakika tano zinatosha. Ukimaliza rudi hapa, maana nitaongea na wewe kama mtu aliyekwisha kusoma.

Mimi ni kijana wa Mpepai, huku Mbinga. Nimecheza beki wa kati, namba tano, kwenye timu ya vijana ya kigango chetu kwa miaka mingi. Uwanja wetu umeinama kidogo, kama yalivyo mashamba yetu mengi huku Umatengoni, na anayecheza nyuma kipindi ambacho wapinzani wanashuka na mteremko, huyo anajua maana ya kusali rozari akiwa amesimama.

Mwaka juzi, wiki ya bonanza la vijana, mwalimu wetu wa timu aliniita pembeni. Akasema, "Viungo na washambuliaji nitawapanga mimi. Ukuta wa nyuma panga wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeucheza. Jumamosi jioni niletee majina manne."

Nikafurahi, nikajiona mkubwa. Nilipofika nyumbani ndipo nikahesabu. Mabeki tulikuwa watano. Na mimi nilikuwa mmoja wa hao watano.

Namba mbili hakuwa na mjadala, ana mapafu ya kupanda na kushuka dakika zote tisini. Namba tatu pia, kwa sababu ni yeye tu kati yetu anayetumia mguu wa kushoto. Namba nne ni mrefu, mipira ya juu yote ni yake. Ikabaki namba tano: ni mimi au ni Dogo.

Nitamwita Dogo tu, jina lake halihitajiki hapa. Alikuwa na miaka 18, ametoka kumaliza kidato cha nne. Dogo alikuwa hakosi mazoezi. Mnajua msimu wa kuchuma kahawa ulivyo: wengi wetu tunachelewa, au hatuji kabisa. Yeye alikuwa anakuja mikono bado inanata ute wa kahawa. Halafu alikuwa anaongea uwanjani: "Pandeni! Rudini! Mwache huyo, ni wangu!" Beki asiyeongea ni nusu beki. Na mimi? Goti langu la kulia lilikuwa halijakaa sawa tangu nilipoanguka na pikipiki. Watu hawakujua. Mimi nilijua.

Nikaandika jina langu.

Mtaniuliza, je, ulisali? Nilisali, ndiyo. Lakini nilisali baada ya kuandika. Nilimwomba Mungu abariki karatasi ambayo nilikuwa nimeshaimaliza bila Yeye.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Sikumwambia Dogo. Jumapili baada ya Misa orodha ikasomwa nje ya kanisa mbele ya timu nzima, na yeye akasikia hapo hapo, pamoja na wote, kwamba jina lake halimo. Nilimwona anaangalia viatu vyake. Nikageuka upande mwingine.

Mechi tulifungwa 2-1. Bao la pili nalikumbuka mpaka leo. Mnajua sheria ya kuotea: mpira unapopigwa, mshambuliaji akiwa nyuma ya ukuta wenu amebaki na kipa tu, ameotea. Ndiyo maana mabeki wanapanda pamoja, mstari mmoja, kwa wakati mmoja. Lakini beki mmoja akibaki nyuma, mshambuliaji anakuwa halali. Watatu watakuwa wamefanya kazi yao vizuri na haitasaidia kitu. Siku ile namba nne alipiga kelele, "Pandeni!" Watatu wakapanda. Goti langu halikupanda. Mshambuliaji wao akawa halali kwa ajili yangu, akaenda kufunga.

Lakini sijaandika haya kwa sababu ya bao. Bao linasahaulika. Kilichoniumiza ni kwamba Dogo aliacha kuja mazoezini. Baadaye akaacha kuja kwenye jumuiya. Baadaye nafasi yake kwenye kwaya ikawa wazi. Nilidhani nimepanga kikosi cha mpira, kumbe nilikuwa nimeshika moyo wa mtu.

Sasa turudi kwenye Maandiko. Kuna mambo matatu nimejifunza.

1. Tazama aliyekuwepo

Yuda ameondoka, nafasi moja kati ya kumi na mbili iko wazi. Waamini waliokusanyika ni kama 120. Petro anasimama anatoa sifa za anayefaa. Angalia vizuri sifa zenyewe. Hasemi awe msemaji hodari, wala awe wa ukoo mkubwa. Anasema awe mtu aliyekuwa pamoja nao muda wote, tangu ubatizo wa Yohane mpaka siku Bwana alipopaa. Yaani aliyekuwepo. Ndiye anayeweza kuwa shahidi, kwa sababu aliona.

Wazee wetu Wamatengo walilijua jambo hili kwa jembe. Shamba la ngoro lina mashimo mengi kwenye mteremko, na kila shimo limezungukwa na kingo zilizojengwa juu ya nyasi na kufunikwa udongo. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake, udongo haushuki bondeni. Lakini ukingo mmoja ukibomoka juu, maji yote yanamwagikia shimo la chini. Mkulima wa ngoro hajivunii ukingo mmoja mzuri. Anataka kingo zote zisimame, siku zote za mvua.

Siku moja niliangalia kwenye simu ule mchezo wa Wamarekani wanaouita futiboli, ambao vyuo vyao vikuu wanaupenda sana. Siyo kandanda yetu, mpira wake umechongoka huku na huku na wanaurusha kwa mikono. Ila nao ni watu 11 kila upande. Timu inaposhambulia, watano wanajipanga mbele kabisa. Wa katikati anaanza kwa kumpa mwenzake wa nyuma mpira kupitia kati ya miguu yake, kisha kazi ya wote watano ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mwenye mpira. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kudaka pasi inayorushwa mbele. Kama mrushaji anatumia mkono wa kulia, yule wa mwisho kushoto ndiye anayelinda mgongo wake, upande asiouona. Kocha hawezi kuchukua watano wenye nguvu tu akawapanga, akalala usingizi. Anahitaji watano wanaoelewana, maana mmoja akikosea hatua moja, jirani yake anabaki na watu wawili.

Nilipoona vile nikamkumbuka Dogo. Nafasi ya kulinda mgongo wa mwenzako hapewi mwenye jina. Anapewa anayekuwepo. Na hii siyo ya mpira peke yake. Ukichagua mwenyekiti wa vijana, mhazini wa jumuiya, hata rafiki wa kumfungulia moyo wako, uliza kwanza: huyu huwa yupo? Au anaonekana siku ya sherehe tu?

2. Sali kabla ya kuandika

Luka anatuambia kwamba kabla ya kuwachagua Mitume, Yesu alipanda mlimani akakesha usiku kucha akisali. Kulipokucha ndipo akawaita wanafunzi wake na kuchagua kumi na wawili. Sala kwanza, majina baadaye. Na wale waliokusanyika pamoja na Petro walifanya vivyo hivyo: waliweka mbele majina mawili, wakamwomba Bwana anayejua mioyo ya wote aonyeshe, halafu ndipo wakapiga kura.

Mimi nilifanya kinyume, na nadhani najua kwa nini. Sala ya kabla ina hatari. Ukimwuliza Mungu kabla, anaweza kukujibu. Goti langu lingeongea usiku ule kama ningenyamaza mbele ya Ekaristi hata nusu saa. Ndiyo maana sikwenda.

Kama umepewa kazi ya kuchagua watu, na wewe mwenyewe umo kati ya wanaochaguliwa, sali mara mbili. Na mwombe mtu mwingine akuambie ukweli. Mimi ningeweza kumwambia mwalimu, "Mwalimu, kwenye namba tano niondoe mimi, amua wewe." Maneno machache tu, lakini yalinishinda.

3. Usimsahau asiyechaguliwa

Majina yaliyowekwa mbele yalikuwa mawili: Mathia, na Yosefu aitwaye Barsaba, ambaye pia aliitwa Yusto. Kura ikamwangukia Mathia. Kila mwaka tarehe 14 Mei Kanisa linamkumbuka Mathia. Yosefu je? Alikuwa na sifa zote zile zile. Naye alikuwepo tangu mwanzo. Akakosa.

Ukisoma Agano Jipya lote lililobaki, hutakuta tena habari za Yosefu huyu. Lakini ngoja, hata Mathia hatajwi tena kwa jina. Aliyechaguliwa na asiyechaguliwa wote wawili wanaingia ndani ya lile kundi la waamini, na kazi ya Injili inaendelea. Na siku ile Yesu alipochagua kumi na wawili, wale wengine aliokuwa amewaita hakuwafukuza. Mbele kidogo, sura ya 10 ya Luka, anawatuma wengine 72.

Sisi wa Mbinga tuna mfano wetu. Jimbo letu lilizaliwa mwaka 1986 kutoka Songea, na kanisa kuu lake linaitwa kwa jina la Mtakatifu Kiliani, mmisionari kutoka Ireland aliyeuawa kwa ajili ya imani pale Würzburg, Ujerumani, karibu mwaka 689. Kijana wa Mbinga ukimwuliza habari za Kiliani, atakujibu. Mwulize sasa alikufa na nani. Waliuawa pamoja naye wenzake wawili, padre Kolonat na shemasi Totnan. Sikukuu yao ni moja, 8 Julai. Damu yao ni sawa. Ila sisi tunalijua jina moja. Mbinguni hakuna benchi.

Nilivyokwenda kwa kina Dogo

Ilinichukua miezi mitatu. Nilikwenda kuungama kwanza, kisha jioni moja nikaenda kwao. Mama yake alikuwa anakusanya kahawa iliyoanikwa kabla umande haujaanguka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akanipa kiti, akaniangalia kama mtu anayejua nimefuata nini. Dogo akatoka ndani.

Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi. Nikasema machache. Nikamwambia nafasi ilikuwa yake, nilijua ni yake, na nilijiandika mimi kwa sababu niliogopa kukaa benchi. Nikamwomba anisamehe.

Akanyamaza muda. Halafu akasema, "Kaka, kukosa namba sikukasirika. Mpira ndivyo ulivyo. Nilikasirika kwa sababu hukuniambia. Ungeniita pembeni tu."

Sina cha kuongeza kwenye neno lile. Kama kuna kitu kimoja utakachobaki nacho kwenye somo hili, kiwe hicho: usiyemchagua, mwite pembeni, mwambie mwenyewe, macho kwa macho, kabla hajasikia mbele za watu. Mtu anaweza kubeba kukosa nafasi. Kudharauliwa ni mzigo mwingine.

Hakurudi wiki ile. Alirudi kwenye jumuiya kwanza, taratibu, akikaa karibu na mlango. Msimu uliofuata mwalimu aliponiomba tena majina manne, nilikwenda kanisani kabla sijashika kalamu. Namba tano nikamwandika Dogo. Mechi ya kwanza tulitoka sare, 0-0, hakuna aliyetubeba mabegani. Mimi nilikaa benchi nikishika chupa za maji. Nisiwadanganye, inauma. Kila mpira wa juu mguu wangu ulikuwa unajirusha wenyewe. Lakini Dogo aliposema "Pandeni!", wanne walipanda pamoja kama mtu mmoja, na mshambuliaji akakutwa ameotea. Nikajikuta nimesimama napiga makofi.

Maswali ya kutafakari, peke yako au katika kikundi

Ni nani kwenye jumuiya au kwaya yenu ambaye huwa yupo siku zote, lakini jina lake halisomwi kamwe? Utamwambia nini wiki hii?

Je, kuna nafasi ninayoishikilia ambayo moyoni najua ni ya mwenzangu?

Nilipoachwa mara ya mwisho, niliacha pia sala na jumuiya? Ni nini kitanisaidia kurudi?

Tusali

Bwana Yesu, ulikesha mlimani kabla ya kuwaita Mitume wako kwa majina. Utufundishe kukuuliza kabla hatujaamua. Utupe ujasiri wa kumwachia mwenzetu nafasi iliyo yake, na unyenyekevu wa kukaa benchi bila kuondoka nyumbani mwako. Wale tuliowaumiza kwa kuwanyamazia, utuongoze mpaka mlangoni kwao. Mtakatifu Mathia, utuombee. Mtakatifu Kiliani na wenzako, mtuombee. Amina.