KIINGEREZA: NENO DOGO LINAGEUZA MAANA



Siku moja, ku soko ya Arua, kule Uganda, mama mmoja aliniambia: «Look after my bag.» Nilijua look ni kutazama, after ni nyuma. Basi nikageuka, nikatazama nyuma! Niliporudisha macho, mwizi alikwisha kupita na mfuko. Kumbe mama aliniomba niuchunge. Nilipata haya sana.

Lakini tusicheke Kiingereza. Sisi pia tunasema piga magoti, piga pasi, piga simu, na hakuna anayepigwa. Vivyo hivyo kwa Kiingereza: kitenzi na neno dogo vinaungana, na maana inakuwa mpya.

look for: kutafuta
look after: kuchunga, kutunza
get up: kuamka, kusimama
give back: kurudisha
give up: kuacha, kukata tamaa
put off: kuahirisha
turn off: kuzima

Angalisho: unaweza kusema turn off the radio. Lakini ukitumia it, inaingia katikati: turn it off. Look after haiachani hivyo. Tunasema look after it.

Usikariri orodha tu. Kwa kila kitenzi andika sentensi moja ya kazi ya kwenu: nani anachunga mbuzi, nani anazima taa.

Zoezi. Weka kwa Kiingereza:
1. Anatafuta mbuzi wake.
2. Rudisha kitabu changu.
3. Usikate tamaa.

Ile ya tatu tuishike hata siku ya mtihani.