Tuijue Hifadhi ya Nyandarua: Handaki, Ua na Malango

Mkazi wa Mweiga, Endarasha au Ihithe huuona msitu wa Nyandarua kila asubuhi anapofungua mlango. Hata hivyo, wengi wetu hatujawahi kupita lango la hifadhi hiyo, na wapo wanaoamini kwamba imetengewa watalii kutoka ng'ambo pekee. Somo hili linaeleza jinsi mpaka kati ya mashamba yetu na msitu ulivyobadilika, kilichomo ndani yake, na njia halali ambazo mkazi anaweza kuutumia.

Jina na chimbuko

Wazee wetu waliuita mlima huu Nyandarua. Jina Aberdare lilitolewa mwaka wa 1884 na msafiri Joseph Thomson, kwa heshima ya Lord Aberdare aliyekuwa rais wa Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza. Mwaka wa 1950 serikali ya kikoloni ilitangaza sehemu ya juu ya milima hiyo kuwa hifadhi ya taifa. Leo hifadhi ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 767. Kilele cha juu zaidi, Satima, kina urefu wa mita 4,001.

Hoteli ya Treetops ilikuwapo hata kabla ya hifadhi. Ilifunguliwa mwaka wa 1932 ikiwa nyumba ndogo juu ya mti wa mugumo. Binti Mfalme Elizabeth alikuwa mgeni hapo mwezi wa Februari 1952, babake alipofariki naye akawa Malkia wa Uingereza.

Handaki

Miezi minane baadaye, Oktoba 1952, hali ya hatari ilitangazwa nchini. Wapiganaji wa Mau Mau walifanya msitu huu kuwa makao yao, wakiongozwa na Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu. Mwaka wa 1954 Treetops iliteketezwa.

Ili kuwakatia wapiganaji chakula na habari, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanavijiji, wengi wao wanawake, kuchimba handaki refu kandokando ya misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Ndani yake vilichomekwa vijiti vilivyochongwa ncha kali. Handaki hilo lilikuwa la kumtenganisha mtu na msitu wake. Kimathi alikamatwa kwenye ukingo wa msitu tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Historia hii inaeleza kwa nini familia nyingi bado huhisi kwamba mpaka wa msitu ni jambo waliloletewa bila kuulizwa. Pia inaeleza kwa nini ua uliofuata ulihitaji kukubaliwa na wananchi kwanza.

Ua wa umeme

Kufikia miaka ya 1980 kulikuwa na matatizo mawili. Faru weusi waliwindwa hadi karibu kuisha, nao ndovu walishuka usiku na kumaliza viazi, kabeji na mahindi ya wakulima. Mwaka wa 1989 shirika la Rhino Ark lilianza kujenga ua wa umeme, kwa fedha zilizochangwa katika mashindano ya magari ya Rhino Charge. Baadaye serikali, wafadhili na jamii ziliungana nalo. Ua huo, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka wa 2009 na kuzinduliwa na Rais Mwai Kibaki.

Ua haukuzuia ndovu pekee. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege na kutangazwa mwaka wa 2003 ulikuwa umeonyesha matanuru ya makaa, miti ya asili iliyokatwa na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Uharibifu huo ulihatarisha maji yetu. Mito ya Chania, Gura na Zaina huanzia huko. Maji ya Gura huishia katika mto Tana, ambao huendesha mitambo ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere. Bwawa la Ndakaini, linalohudumia Nairobi, pia hutegemea milima hii.

Kutembelea hifadhi

Kutoka upande wa Nyeri unaweza kuingia kupitia malango ya Ruhuruini, Wandare au Kiandongoro, miongoni mwa mengine. Ada hulipwa kupitia eCitizen, na raia wa Kenya hulipa kiasi cha chini kuliko wageni, beba kitambulisho. Ndani utapata:

- Maporomoko ya Karuru, yanayoshuka kwa hatua tatu, jumla ya mita 273, na maporomoko ya Gura yaliyo mkabala nayo.
- Ndovu, nyati, faru weusi, chui, nguruwe wa msituni na bongo, swala adimu wa mlimani ambaye sasa yuko katika hatari ya kutoweka kabisa.
- Mito yenye samaki aina ya trauti. Kuvua kunahitaji leseni.
- Maeneo ya kupiga kambi na njia za kupanda vilele.

Usitembee kwa miguu bila askari wa KWS, kwa sababu nyati hujificha vichakani. Beba nguo nzito hata kama jua linawaka Nyeri mjini. Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, barabara huteleza, na gari dogo linaweza kukwama.

Hifadhi si msitu wa akiba

Ndani ya ua mna sehemu mbili. Hifadhi ya taifa iko chini ya KWS. Humo huruhusiwi kulisha mifugo wala kuokota kuni. Msitu wa akiba uko chini ya Huduma ya Misitu Kenya (KFS). Humo, kupitia chama cha jamii cha misitu, mkazi anaweza kupata kibali cha kuokota kuni kavu, kulisha mifugo au kuweka mizinga ya nyuki. Katika miezi ya kiangazi, Januari hadi Machi, usirine asali kwa moto wa wazi. Cheche moja huweza kuteketeza mianzi na nyasi za mlimani kwa siku kadhaa.

Mnyama akivuka

Ua hukatika. Tawi likigusa waya, nguvu ya umeme hupungua. Mtu akikata waya ili apitishe ng'ombe, ndovu hufuata njia hiyo hiyo. Ukiona pengo, mjulishe chifu au kituo cha KWS siku hiyo hiyo.

Mnyama akiharibu mimea, kuua mifugo au kumjeruhi mtu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakupa haki ya kudai fidia. Piga ripoti mara moja, usiondoe ushahidi kabla ya maafisa kufika, na uhifadhi nakala ya fomu unayojaza. Dai hupelekwa kwa kamati inayohusika na fidia.

Maswali ya kujadili barazani na shuleni

1. Handaki la miaka ya 1950 na ua wa leo vinatofautianaje kwa nia na kwa njia vilivyojengwa?
2. Maji mnayotumia nyumbani yanatoka mto gani, nao unaanzia wapi?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayepaswa kupigiwa simu ua ukikatika usiku? Kama hakuna anayejua, likubalianeni katika baraza lijalo.