Laptopu ya Kituo cha Afya: Ilaze Vizuri, Usipoteze Kazi

Somo hili ni kwa ajili yako wewe mhudumu wa afya, mkunga au mtunza takwimu unayetumia laptopu mahali ambapo jenereta huwashwa kwa saa chache tu. Ukimaliza kulisoma utaweza kueleza njia mbili za kuilaza laptopu, kuchagua inayofaa, na kuipanga ijilaze yenyewe kabla betri haijaisha.

Kwa nini ni muhimu?

Fikiria umeingiza majina ya watoto 80 waliopata chanjo ya kwanza ya surua. Jenereta limezimwa, unatumia betri. Unaitwa wodini, unafunga kifuniko na kuondoka. Kesho yake laptopu haina chaji na orodha haipo. Mtoto ambaye jina lake limepotea hatafuatiliwa nyumbani wakati wa chanjo ya pili ukifika. Tunajua surua inavyosambaa upesi mahali penye msongamano wa watu.

Njia mbili za kulala

Maneno ya kwenye skrini mara nyingi ni ya Kiingereza, kwa hiyo tunayataja kama utakavyoyaona.

*Usingizi mwepesi, "Sleep".* Skrini inazimika, lakini kazi yako inabaki kwenye kumbukumbu ya muda. Kumbukumbu hiyo inahitaji umeme wakati wote, ingawa ni kidogo. Ukibonyeza kitufe, laptopu inaamka kwa sekunde chache. Betri ikiisha, kila ambacho hukukihifadhi kinapotea.

*Kulala fofofo, "Hibernate".* Laptopu inanakili kazi yote kutoka kwenye kumbukumbu ya muda na kuiweka kwenye diski, kisha inazimika. Kazi haitegemei tena betri. Kuamka kunachukua muda zaidi, lakini utakuta mafaili yako yako wazi kama ulivyoyaacha.

Mfano wa hesabu

Tuseme betri iliyojaa ina watisaa 40. Ukifanya kazi kwa wati 10, itadumu saa 4. Katika usingizi mwepesi, kwa wati 1, itadumu saa 40. Ukiilaza hivyo Ijumaa saa 11 jioni, betri itaisha Jumapili saa 3 asubuhi. Utakaporudi Jumatatu saa 2 asubuhi zitakuwa zimepita saa 63. Na hiyo ni betri mpya; iliyochoka huisha mapema zaidi.

Basi shika kanuni hii: ukitoka kwa dakika chache, usingizi mwepesi unatosha. Ukienda kulala, ukisafiri au ukifunga ofisi kwa wikiendi, ilaze fofofo au izime kabisa.

Jinsi ya kupanga laptopu yenye Windows

1. Fungua "Control Panel", kisha "Power Options".
2. Chagua "Choose what the power buttons do". Ikiwa "Hibernate" haina alama ya vema, bonyeza "Change settings that are currently unavailable" kisha iweke alama. Katika laptopu nyingi haionyeshwi mpaka ufanye hivyo.
3. Hapo hapo, kwenye safu ya betri, panga kwamba ukifunga kifuniko laptopu ilale fofofo. Hifadhi mabadiliko.
4. Rudi nyuma, ingia "Change plan settings". Kwenye safu ya betri, panga skrini ijizime baada ya dakika 3 na laptopu isinzie baada ya dakika 10. Skrini hula chaji nyingi, hivyo punguza pia mwanga wake.
5. Ingia "Change advanced power settings", fungua "Battery". Weka "Low battery level" asilimia 20, ili uonywe mapema. Weka "Critical battery level" asilimia 10, na "Critical battery action" iwe "Hibernate". Usiweke asilimia 2 au 3: kunakili kwenye diski kunahitaji chaji, na betri kuukuu huweza kuzima ghafla.

Ukidaiwa neno la siri la msimamizi, mwite anayesimamia kompyuta za kituo.

Mambo ya kuzingatia

- Kulala si kuhifadhi. Bonyeza Ctrl na S kila umalizapo ukurasa mmoja wa rejista, na tunza rejista ya karatasi.
- Ikiwa faili liko kwenye flashi, lihifadhi, lifunge na uitoe flashi kabla ya kuilaza laptopu.
- Kulala fofofo kunahitaji gigabaiti kadhaa za nafasi kwenye diski. Usiijaze kwa filamu na muziki.
- Usiitie kwenye begi ikiwa katika usingizi mwepesi. Laptopu nyingine huamka zenyewe humo na kupata joto, na joto huharibu betri.
- Hakikisha laptopu inadai neno la siri kila inapoamka. Ndani yake mna majibu ya vipimo na siri za majirani zako. Mgonjwa akisikia habari zake kwenye foleni ya maji, hatarudi kwako.
- Kujua hali ya betri, fungua "Command Prompt", andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Utaonyeshwa ripoti ilipohifadhiwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa.

Jaribu leo

Jenereta likiwa linafanya kazi, andika sentensi moja, ihifadhi, kisha chomoa chaja na ufunge kifuniko. Subiri dakika 5 na uiwashe. Ukiikuta sentensi yako na ukadaiwa neno la siri, umepanga vizuri.

Maswali ya kujipima

1. Ni njia gani inayotegemea betri ili kazi isipotee?
2. Unakwenda kliniki ya mbali kwa saa tatu. Utailazaje laptopu?
3. Kwa nini neno la siri lidaiwe kila inapoamka?

*Majibu:* 1. Usingizi mwepesi. 2. Fofofo, baada ya kuhifadhi kazi. 3. Ili siri za wagonjwa zisisomwe na asiyehusika.