Nani Anashika Simu ya Mzee?

Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70, wawe waliwahi kuajiriwa au la. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa waliofikia umri huohuo. Tanzania Bara TASAF imekuwa ikitoa ruzuku kwa kaya maskini, na wastaafu wana pensheni yao. Si fedha nyingi. Lakini kati ya fedha hizo na mkono wa mzee mara nyingi amesimama mtu: mjukuu anayejua namba ya siri, mtoto mwenye kadi ya benki, jirani anayetumwa kwa wakala. Wengi wao ni waaminifu, na bila wao mzee angelala njaa. Wachache si waaminifu, na kwao ukatili huanza kimyakimya, pengine miaka kabla ya kofi la kwanza.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama mzee ananyanyaswa asianze kwa kutafuta alama za kipigo. Aulize kwanza ni nani anashika fedha zake, na ni nani anaamua aonane na nani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, 1 hufanyiwa ukatili wa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Mkosaji mara nyingi ni mtu wa ndani: mtoto, mkwe, mjukuu, mume au mke, msaidizi wa nyumbani. Ndiyo maana wazee wananyamaza. Kumpeleka polisi kibaka ni jambo jepesi. Kumpeleka polisi mtoto uliyemzaa ni aibu ambayo mzee anaona itamfuata mpaka kaburini.

Tuanze na fedha, maana hapo dalili huonekana mapema. Pensheni imeingia tarehe ileile, lakini dawa ya presha haijanunuliwa. Mzee hajui salio lake na anaogopa kuuliza. Laini yake imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au namba yake inadaiwa mkopo wa simu ambao hajawahi kuusikia. Kitambulisho, kadi ya benki na hati ya kiwanja “vimehifadhiwa” na mtu ambaye kila vikiulizwa ana safari. Kuna pia karatasi: mzee ameletewa fomu jioni, ameambiwa ni ya mambo ya bima, akaweka dole gumba bila kusomewa. Miezi mitatu baadaye mtu anakuja kupima shamba.

Karatasi isiyosomwa kwa sauti mbele ya mtu wa pili ambaye mzee amemchagua mwenyewe isitiwe saini wala dole. Kwa wanandoa wa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mmoja wao kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Bibi anayeambiwa “babu alishauza” ana mahali pa kushika.

Mtaisikia pia sentensi hii: “Mzee siku hizi anasahau.” Inaweza kuwa kweli. Lakini hicho ndicho kichaka anachojificha mwizi wa nyumbani, kwa sababu mzee akilalamika kwamba fedha zimepungua, lawama inarudi kwenye kichwa chake. Mtu anayesahau alikoweka miwani anaweza kuwa na kumbukumbu safi kabisa ya nani alichukua kadi yake. Benki hutoa taarifa ya akaunti, na kampuni za simu hutoa orodha ya miamala. Ombeni, msome pamoja, halafu ndipo mjadili nani anasahau. Kama mzee hawezi kwenda dukani au benki mwenyewe, basi watu wawili wajue mahesabu yake, asiwe mmoja.

Jambo la pili ni mlango. Kila ukienda kumjulia hali unaambiwa amelala. Simu yake inapokelewa na mtu mwingine, au inawekwa sauti ya juu na unamsikia mtu pembeni akimwelekeza la kusema. Ukimuuliza swali, yeye anamtazama mkwe kabla ya kujibu. Ameacha kwenda msikitini, kanisani au kwenye kikoba, na sababu inatolewa na mtu mwingine, si yeye. Ndugu mlioko Muscat, London au Minneapolis hili linawahusu zaidi, kwa sababu mnatuma fedha kwa simu ya kaka na mnamwona mama kwenye kioo kwa dakika tano, kaka akiwa ndiye ameshika simu. Siku moja ombeni shangazi au jirani aende na simu yake, akae na mama peke yao uani.

Mwili nao husema, lakini husema baadaye. Vidonda vya kulalia mgongoni na kwenye nyonga, nguo zilizolowa mkojo tangu asubuhi, kukonda ghafla, usingizi mzito usio wa kawaida baada ya “dawa” anazopewa na mtu mmoja tu. Michubuko ya vidole kwenye mikono ya juu. Kunyang'anywa fimbo ya kutembelea au miwani, ili asitoke, ni ukatili sawa na kufungiwa. Wazee hubakwa pia. Ikitokea hivyo, hospitali kwanza, na ndani ya saa 72, ili dawa za kuzuia VVU ziweze kufanya kazi. Asioge kabla, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Kanda ya Ziwa, Tanzania, na kaunti ya Kilifi nchini Kenya zina ukatili wa namna yake, na huu huua. Mtoto anaugua, ng'ombe anakufa, mganga anapiga ramli chonganishi, na kidole kinamwangukia bibi mwenye macho mekundu au babu mwenye mvi. Macho hayo yamekaushwa na moshi wa jiko kwa miaka 50. Mvi ni umri. Angalia kwa makini ni nani anayetangaza maneno hayo ukoo mzima na shamba litamwangukia nani mzee akikimbia, na mara nyingi utakuta uchawi una hati ya ardhi nyuma yake. Huko Ganze, Kilifi, Kaya Godoma imekuwa mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia tuhuma za namna hii. Ni jambo la kushukuru, na ni la aibu pia kwamba mahali hapo panahitajika. Sheria za uchawi za nchi zote mbili, zilizoanza miaka ya 1920, zinamfanya anayemtuhumu mwenzake kwa uchawi kuwa ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo uvumi huo hausubiri mapanga ndipo uripotiwe. Mzee akianza kuitwa mchawi kwenye kilabu cha pombe, mwenyekiti wa kijiji au chifu ajue wiki hiyohiyo.

Ukishashuku, utamuulizaje? Peke yake, bila haraka, na baada ya mazungumzo ya kawaida. “Shikamoo mama, hapa nyumbani unalala kwa amani? Kuna mtu anayekutia hofu?” Muuguzi wa kliniki ya presha ana nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu anaweza kumwomba anayemsindikiza asubiri nje. Usimuulize kwa nini hakusema mapema. Usimkabili mtuhumiwa siku hiyo, kwani ukiondoka wewe, mzee atabaki naye.

Mzee naye ni mtu mzima. Akiwa na akili timamu akasema “niachie, ni mwanangu”, una wajibu wa kumsikiliza, kumwachia namba yako na kurudi wiki ijayo. Maisha yake yakiwa hatarini, au akiwa hawezi tena kuelewa yanayomtokea, usisubiri ruhusa.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, Tanzania na Kenya. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na licha ya jina lake, mtu mzima aliyepigwa na ndugu anapokelewa hapo. Aliyeumizwa hupewa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza; Kenya fomu ya aina hiyo inaitwa P3. Damu ikiwa inatoka, nenda hospitali kwanza, fomu itafuata. Vituo vya Mkono kwa Mkono, Zanzibar na Bara, vinaweka daktari, polisi na ustawi wa jamii chini ya paa moja. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuendewa pale ambapo hakuna jeraha bali kuna njaa, kufungiwa au fedha zinazopotea. Tanzania Bara, asiye na uwezo wa wakili ana haki ya kuomba msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani. Kenya ina namba 1195 ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili, ya bure, saa zote, na sheria ya mwaka 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani inampa mwathirika nafasi ya kuiomba mahakama amri ya ulinzi. Sheria hiyo inataja wazi ukatili wa kiuchumi na kuingiliwa na wakwe.

Andikeni tarehe, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo. Pigeni picha za majeraha na za chakula alichopewa. Kikao cha ukoo kinafaa kupanga zamu na matumizi. Kwa kipigo au ubakaji hakifai, kwa kuwa mara nyingi kinachotafutwa pale ni heshima ya ukoo.

Wajane wakumbuke kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo Tanzania anatakiwa kupeleka orodha ya mali ndani ya miezi minne, na mjane anaweza kurudi mahakamani kuuliza iko wapi.

Na kama wewe ndiye unayemgeuza mzee kitandani usiku, ukajikuta juzi umemfokea na jana umemsukuma, sema leo, kabla ya kesho. Uchovu hauhalalishi kitu, ila unatibika kwa kupumzika. Mwambie afisa ustawi au muuguzi kwamba umeelemewa. Ndugu wanaodai hawana nafasi ya kuja wanaweza kulipa msaidizi wa siku mbili kwa wiki. Mchango huo uandikwe kwenye kikao, kwa majina na kwa kiasi.