JINSI YA KUCHAGUA KUMBUKUMBU YA TARAKILISHI

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata likizo ya Agosti 2025 katika duka moja mjini Kisii, nikiwa na noti mbili za elfu moja mfukoni. Nilitoka humo na kibao cha kumbukumbu ambacho hakikunifaa hata kidogo. Leo nataka kuwaeleza nililojifunza, ili mwingine asije akalia kama mimi.

Kwanza tuelewane maneno. Tarakilishi ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni diski, ambayo huhifadhi kazi yako hata umeme ukipotea. Pa pili ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM. Diski ni kabati la vitabu, kumbukumbu ni meza ya kusomea. Vitabu vyote vimo kabatini, lakini ukitaka kusoma unavitoa na kuviweka mezani. Meza ikiwa ndogo, kila mara unainuka kurudisha kimoja na kuleta kingine. Ndiyo maana tarakilishi yenye kumbukumbu ndogo hukwama kwama. Na stima ikipotea, kama huku kwetu mvua inaponyesha, yote yaliyokuwa mezani hufutika. Kumbukumbu ya aina hii ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM huko Marekani, akapewa hataza mwaka wa 1968.

Sasa kisa chenyewe. Mimi na kaka yangu tuliunda tarakilishi nyumbani, Nyamira, kwa vipande vya mtumba tulivyokusanya kimoja kimoja. Ilikuwa na gigabaiti 2 tu za kumbukumbu. Ukifungua programu ya kuandikia pamoja na ukurasa mmoja wa intaneti, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi bado inafikiria. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na katika Kidato cha Nne kuna mradi wa somo la Tarakilishi unaohesabiwa katika KCSE. Nilihitaji mashine ya kufanyia kazi jioni. Basi nikachuma majani chai Jumamosi baada ya Jumamosi, mama akaniongezea pesa za ndizi, zikafika shilingi 2,000.

Muuzaji akaniuliza, "Kijana, unataka ya aina gani?" Nikamjibu, "Nipe kubwa kabisa ya bei hii." Akanipa ya gigabaiti 8. Nikapanda matatu nikichekelea. Kufika nyumbani, wapi! Pengo la kibao halikulingana na kigingi cha nafasi yake kwenye ubao mama. Kaka akataka kukisukuma kwa nguvu, nikamwambia, "Kaka, tafadhali, utavunja ubao." Kumbe kibao kilikuwa DDR4 na ubao wetu ni wa DDR3. Niliporudi dukani nikaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani hukupima? Hata kiatu hupimwa mguuni kwanza." Swali hilo ndilo somo langu lote. Ubao mama ndio mguu, kumbukumbu ni kiatu. Usiangalie ukubwa wala bei kabla hujauangalia ubao. Fuata hatua hizi:

1. Jua kizazi. Kanuni za DDR2 zilitangazwa mwaka wa 2003, DDR3 2007, DDR4 2012 na DDR5 2020. DDR2 na DDR3 zina pini 240 kila moja, DDR4 na DDR5 zina pini 288. Usidanganywe na idadi hiyo, kwa sababu pengo la kila kizazi liko mahali pake na umeme wake ni tofauti: volti 1.8 kwa DDR2, 1.5 kwa DDR3, 1.2 kwa DDR4 na 1.1 kwa DDR5. Hakuna kizazi kinachokaa katika nafasi ya kingine. Mara nyingi jina la ubao limechapishwa juu ya ubao wenyewe. Liandike kwenye karatasi uende nalo dukani.

2. Jua kikomo. Ubao wetu ni wa Intel H61, aina iliyotoka mwaka wa 2011. Una nafasi mbili na hauchukui zaidi ya gigabaiti 16. Tena Windows ya biti 32 haivuki gigabaiti 4 hata ukiijaza. Piga hesabu: 1 ikizidishwa kwa 2 mara 32 ni 4,294,967,296, na hizo ndizo anwani zote ilizo nazo.

3. Soma kibandiko. Kibao cha DDR3 cha kasi ya 1600 huandikwa PC3-12800, yaani 1,600 mara 8, ambayo ni megabaiti 12,800 kwa sekunde. Prosesa yetu, Core i3-2100, mwisho wake ni 1333. Kibao cha 1600 kingefanya kazi, ila kwa kasi ya 1333, kwa hivyo hakuna haja ya kulipa zaidi. Halafu angalia herufi iliyo baada ya namba hiyo. U ni ya tarakilishi ya mezani. S ni fupi, ya kipakatalishi. R ni ya seva kubwa; huuzwa rahisi, lakini mashine ya kawaida haitawaka nayo.

4. Nunua viwili vinavyofanana. Vibao viwili vya gigabaiti 4 hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na hivyo hushinda kimoja cha gigabaiti 8.

5. Weka kwa adabu. Zima mashine, chomoa waya, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini, kisha shika kibao kwa kingo. Sukuma mpaka vishikizo vilie "ka!"

Je, pesa zangu zilipotea? Mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda duniani, kwa sababu viwanda vikubwa kama Samsung, SK Hynix na Micron vilielekeza nguvu kwa mashine za akili bandia. Kile kibao changu kikawa lulu. Fundi mmoja wa Keroka alikihitaji, akanipa badala yake vibao viwili vya DDR3 vya gigabaiti 4. Safari hii nilikwenda na karatasi yenye jina la ubao, na sikutoa kibao changu mpaka nilipokwisha kusoma vibandiko vyote viwili. Fundi akacheka, akasema, "Huyu ameshaumwa na nyoka."

Ni kweli, nami sasa naogopa hata ung'ong'o. Lakini bahati ya namna hiyo haiji mara mbili, kwa hivyo usiingoje. Makala haya nimeyachapa kwa tarakilishi ile ile, na haikukwama hata mara moja. Mpime mguu kwanza, ndugu msomaji, ndipo ununue kiatu.