Usiache Mbachao: Mwanafunzi wa Shule ya Msingi na Umiliki wa Insha Yake

Utangulizi

Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za shule ya msingi nchini Kenya anaufahamu mwanzo huu: msimulizi alirauka alfajiri na mapema, majogoo wakawika, ndege wakatumbuiza, nalo jua likachomoza kwa madaha upande wa mashariki. Mada iwe ajali barabarani, siku ya michezo au mazishi ya jirani, jua ni lile lile na majogoo ni wale wale. Mwanafunzi hakuyashuhudia hayo, aliyakariri. Makala haya yanadai kwamba insha ya kukariri ni dalili ya tatizo pana zaidi, yaani mwanafunzi kutojiona kuwa mwenye masomo yake. Aidha, yanadai kwamba darasa la Kiswahili lina nyenzo za kulitatua tatizo hilo, na baadhi yazo ni za jadi.

Chimbuko la Tatizo

Mtihani wa KCPE ulifanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023. Katika miaka yake ya mwisho, karatasi ya insha ya Kiswahili ilikuwa na alama 40, na mtahiniwa aliiandika kwa muda wa dakika 40. Mtoto aliyebanwa na muda namna hiyo alihitaji mahali pa kujisitiri, na aya iliyokaririwa ilimsitiri. Mwalimu naye alipimwa kwa alama za wanafunzi wake. Kila mmoja alifuata njia iliyolipa.

Isitoshe, elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni na madarasa mengi yakafurika. Mwalimu mwenye madaftari 70 mezani hana wasaa wa kujadiliana na kila mtoto kuhusu sentensi zake. Humwekea alama nyekundu, humwandikia jibu sahihi, kisha hurudisha daftari. Mtoto hutazama alama na kulifunga.

Hasara ya mazoea haya si ya lugha pekee. Mtoto wa Kericho anajua jinsi majani chai yanavyochumwa. Wa Turkana anajua jinsi mifugo inavyonyweshwa kutoka kisima kilichochimbwa mchangani. Wa Mathare anaijua foleni ya maji. Maarifa hayo yasipopata nafasi katika insha, mtoto hujifunza kwamba anayoyajua hayastahili kuandikwa, na kwamba Kiswahili ni lugha ya kusemea mambo ya watu wengine. Paulo Freire, mwanafalsafa wa elimu kutoka Brazili, aliikosoa elimu ya aina hii kwa kuifananisha na shughuli za benki: mwalimu huweka akiba, mwanafunzi huwa chombo cha kuhifadhia.

Funzo la Kitendawili

Fasihi simulizi ina mfano tofauti. Mtegaji husema, “Kitendawili!” Wenzake hujibu, “Tega!” Hutega: “Nyumba yangu haina mlango.” Hadhira hujaribu mara kadha. Ikishindwa, mtegaji huomba mji, na akiisha kupewa hutoa jibu: yai.

Utaratibu huu una mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, mtoto yeyote anaweza kuwa mtegaji. Swali si mali ya mkubwa pekee. Pili, jibu halitolewi kabla ya jaribio. Tatu, kutojua kuna gharama, lakini hakuna fedheha, kwani aliyetoa mji sasa huweza kutega chake. Katika madarasa mengi, kinyume chake, swali ni la mwalimu, jibu ni la mwalimu, na kosa ni la mwanafunzi peke yake.

Mapendekezo

Hatua ya kwanza ihusu mada. Kabla ya kuandika, kila mwanafunzi ataje mambo matatu aliyoyaona, kuyasikia au kuyanusa mwenyewe kuhusu mada husika. Badala ya jua la madaha, huenda mtoto akaanza hivi: “Mtungi wetu ulikuwa wa kumi na mbili kwenye foleni.” Sentensi hiyo haina mapambo, ila ina mwenyewe, na msomaji atataka kujua kama maji yalitosha.

Hatua ya pili ihusu usahihishaji. Mwanafunzi akiandika “viatu zangu zimepotea”, mwalimu apige mstari tu chini ya maneno hayo. Mwanafunzi arejelee daftari lake la ngeli, atambue kwamba viatu ni vya ngeli ya KI-VI, kisha aandike “viatu vyangu vimepotea”. Akishindwa, basi ameomba jibu baada ya kujaribu, kama ilivyo katika kitendawili.

Hatua ya tatu ihusu vigezo. Darasa zima na mwalimu wakubaliane maswali manne: Je, nimeijibu mada? Je, kila aya ina wazo moja? Je, upatanisho wa kisarufi ni sahihi? Je, naweza kueleza maana ya kila neno nililotumia? Mwanafunzi ajihakiki, abadilishane daftari na mwenzake, kisha amkabidhi mwalimu. Darasa kubwa, ambalo hutajwa kuwa kizuizi, ndilo linalouhitaji zaidi utaratibu huu. Mwalimu naye asome kwa kina madaftari machache kila siku kwa zamu, ili makosa yasienezwe na wanafunzi wenyewe.

Pingamizi

Huenda ikadaiwa kwamba kukariri ni sehemu ya urithi wa Waswahili, na kwamba mwanagenzi anahitaji vielelezo. Dai hili lina ukweli. Mashairi hughaniwa kwa moyo, na methali hazibuniwi upya kila siku. Hata hivyo, methali iliyokaririwa huhitaji busara ya kuipachika pahali pake. Mwanafunzi aruhusiwe kuitumia mradi aeleze kwa nini ameiweka hapo. Vivyo hivyo, kumwachia mtoto masomo yake si kumtelekeza. Mwalimu hupunguza msaada kadiri mtoto anavyoimarika.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa katika madarasa ya chini mwaka 2019, unautaja ujuzi wa kujifunza kuwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Hilo ni jambo la kutia moyo, ingawa kubadilika kwa mtaala na kuondoka kwa mtihani hakuondoi mazoea. Wanafunzi wa Kiswahili wanaojiandaa kuwa walimu ndio watakaoamua kama kalamu nyekundu itaendelea kuandika majibu au itapiga mstari na kungoja. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto wa shule ya msingi huja darasani na mbacha wake, yaani mambo anayoyajua na maneno anayoyamudu. Afunzwe kuuparaza na kuukalia kabla ya kuonyeshwa msala wa mwenziwe.