Taa za Noeli Nje ya Nyumba: Furaha Isigeuke Msiba



Noeli inakaribia. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam, Arusha na Moshi wanajiandaa kupanda milimani kwetu, na wengi huja na taa za kumeremeta za kupamba baraza na miti ya uani. Ni jambo jema. Lakini Noeli huja wakati mvua za vuli bado zinanyesha, na umeme na maji havipatani.

Mwaka mmoja, siku ya mkesha, tulipokea wodini baba na mama wa nyumba moja. Baba alipigilia waya wa taa kwenye bati kwa misumari. Mvua iliponyesha, bati likashika umeme, naye akaligusa akiwa peku. Mama alipomwona anatetemeka, akamkumbatia ili amwokoe, naye akanaswa. Jirani alizima swichi kuu. Wote walipona, ila baba ana kovu mkononi hadi leo.

Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Miliampea 30 tu zikipita kifuani zaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na balbu ya wati 100 hutumia zaidi ya mara 10 ya kiasi hicho. Ngozi iliyolowa huupitisha umeme upesi kuliko ngozi kavu.

Basi tufanye hivi:

1. Pima kwanza umbali kutoka kwenye soketi, usije ukalazimika kuunga waya. Selotepu haizuii maji.

2. Nunua taa za kutumia nje, zenye alama ya IP44 au zaidi. Bora zaidi ni zile zenye transfoma ya kushusha umeme hadi volti 12 au 24. Transfoma yenyewe ikae ndani. Taa za sola pia ni nzuri.

3. Kagua waya wote. Uliochubuka usitumike.

4. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akague waya wa ardhini na kuweka kifaa kinachokata umeme unapovuja.

5. Tundika taa zikiwa zimezimwa. Zifunge kwa kamba, si kwa misumari, mbali na bati na nyaya za TANESCO. Uwanja ukiwa wa mteremko, mtu mwingine aishike ngazi.

6. Zima taa kabla ya kwenda Misa ya mkesha na kabla ya kulala.

Je, mtu akinaswa na umeme?

Usimguse! Zima swichi kuu. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu, umwondolee waya kwa mti mkavu. Ikiwa ni waya wa nguzo ulioanguka, kaeni mbali, mkawaite TANESCO.

Umeme ukishakatika, na ikiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala yai. Kisha mpelekeni hospitali hata akisema amepona, kwani umeme huunguza ndani pasipoonekana, na moyo wahitaji kupimwa.

Mama yule alitenda kwa upendo. Tuongeze maarifa juu ya upendo, ili wote tuliokwenda Misa ya mkesha tuamke salama asubuhi ya Noeli.

Nawatakia Noeli njema.